Pemba ya ng'ambo ya Ruvuma: kituo cha afya na skuli vinavyorudi baada ya vita

Kwenye kikao cha elimu ya afya huko Wete, kisiwani Pemba, nilitaja, kwa kupitia tu, kwamba misaada mingi ya Cabo Delgado hushushwa Pemba. Mzee mmoja akainua mkono: “Daktari, misaada gani hiyo? Sisi hapa hatujaona hata boksi.” Ukumbi mzima ukacheka, na mimi ikanibidi niache nilichokuja kusema nieleze kwamba iko Pemba nyengine, mji wa bandari wa mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambao Wareno waliuita Porto Amélia. Mzee hakuridhika. Alitaka kujua kama watu wa huko nao ni Wapemba.

Wapemba si, lakini si wageni kwetu. Ukivuka Mto Ruvuma kutoka Mtwara umeshaingia mkoa huo wa Cabo Delgado. Watu wa pwani yake na kisiwa cha Ibo wanasema Kimwani, lugha ambayo mtu wa Micheweni akikaa nayo siku mbili tatu masikio yanaanza kuizoea. Wamakonde wa bara ya huko tunao Unguja tangu enzi za mashamba ya karafuu. Na chama cha FRELIMO kilichopigania uhuru wao kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Kwa hiyo watu wanaponiuliza Msumbiji inatuhusu nini, huwa nawauliza wao kwanza babu yao alitoka wapi.

Vita vya huko vilianza 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi vilipovamiwa katika mji wa Mocímboa da Praia. Kundi lililofanya hivyo wenyeji huliita al-Shabaab, ingawa si lile la Somalia, na baadaye lilijinasibisha na lile linalojiita Dola ya Kiislamu. Mwezi Agosti 2020 liliuteka mji huo pamoja na bandari yake, na ukakaa mikononi mwake karibu mwaka mzima hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipouchukua tena. Machi 2021 ikafuata Palma. Kufikia 2022 waliohama makwao walikaribia milioni moja, katika mkoa ambao hapo kabla ulikuwa umeshapigwa na Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019. Kisha Disemba 2024 kikaja Kimbunga Chido, kikatua Mecúfi, kusini kidogo ya mji wa Pemba, na kuezua mapaa ambayo mengine yalikuwa ndiyo kwanza yamerudishwa.

Sasa nije kwenye kazi yangu, ambayo ni mipango ya huduma za afya. Watu wengi wakisikia kujenga upya wanafikiria saruji. Wafadhili nao wanapenda saruji, kwa sababu ukuta uliopakwa rangi unapigika picha na unabandikwa kibao. Lakini kujenga ukuta ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Nimeona vituo, na sisemi vya nchi gani, vilivyozinduliwa kwa ngoma na nyama ya ng'ombe halafu vikageuka ghala la mahindi kwa sababu hakuna aliyepanga nani atamlipa muuguzi mwezi wa saba.

Msaada wa kwanza kufika huwa hauna ukuta kabisa. Shirika la Afya Duniani na wenzake wana seti ya dharura ya dawa na vifaa iliyopimwa itoshe watu 10,000 kwa miezi 3. Ndani yake mna vifurushi vidogo 10, kila kimoja cha watu 1,000, vyenye dawa za kumeza na vitu vya kufungia vidonda ambavyo mhudumu aliyesoma miezi michache anaweza kuvitumia. Dawa za kudunga na vifaa vizito viko kwenye kifurushi cha ziada, cha daktari. Aliyeipanga hivyo alijua kwamba daktari pengine hatokuwepo. Mwezi wa nne ndio mtihani: seti imekwisha, na bohari ya dawa ya mkoa haina gari la kupita njia ambayo wiki iliyopita watu walitekwa.

Chukua chanjo. Nyingi zinatakiwa zikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 kuanzia kiwandani mpaka kwenye bega la mtoto, na huo ndio tunauita mnyororo baridi. Nguzo za umeme zikianguka, mnyororo umekatika. Siku hizi yapo majokofu ya umeme wa jua yasiyohitaji betri. Yanagandisha barafu mchana na usiku yanaishi kwa barafu hiyo. Ni mashine nzuri, nazisifu. Lakini jokofu linahitaji mtu wa kusoma kipimajoto asubuhi na jioni, na mtu huyo ndiye aliyekimbia. Wauguzi wa Macomia, Quissanga na Muidumbe walikimbia kama walivyokimbia wagonjwa wao. Kumrudisha muuguzi kunataka nyumba ya kulala, skuli ya watoto wake na njia ya kupata mshahara. Tawi la benki likifungwa, mtumishi anafunga kituo siku tatu kufuata fedha mji mwengine, na katika siku hizo tatu mzazi anajifungulia njiani.

Ndiyo maana nampa uzito mkubwa mhudumu wa afya wa kijijini. Msumbiji walianza nao 1978, wakiitwa APE kwa Kireno, na kazi yao inafanana na ya wahudumu wetu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba katika shehia. Wakati wa kukimbia wanahama pamoja na kijiji chao. Kijiji kikihamia chini ya miembe, huduma nayo imehamia pale, alimradi mtu amjazie mkoba.

Kuna kitu chengine ambacho hakinunuliki, nacho ni kuaminika. Kwa Kireno klorini ni “cloro” na kipindupindu ni “cólera”. Kwa mtu asiyejua Kireno, maneno hayo yanagongana. Mhudumu anakuja kutia “cloro” kisimani, na wiki ile ile watu wanaanza kuharisha. Uvumi unazaliwa kwamba serikali inatia kipindupindu majini. Kaskazini mwa Msumbiji uvumi huu una miaka mingi, na wahudumu wameshapigwa kwa sababu yake. Tarehe 7 Aprili 2024, katika mkoa jirani wa Nampula, chombo cha uvuvi kilichopakia watu wapatao 130 kilizama kikitoka Lunga kwenda Kisiwa cha Msumbiji. Walikufa zaidi ya 90, wengi wao watoto, na wakuu wa mkoa walieleza kwamba watu walikuwa wanakimbia uvumi wa kipindupindu. Sisi ambao Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama, haijatutoka hatuhitaji kuelezwa chombo kilichojaa kupita kiasi kina maana gani.

Hapa naona Zanzibar tuna cha kutoa kuliko fedha. Mwanzoni mwa 2009 chanjo ya kipindupindu ya kumeza ilitolewa katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, dozi mbili mbili. Tulijifunza kwamba kipaza sauti cha gari hakimshawishi mtu kama anavyoshawishiwa na sheha anayemjua. Maneno ya afya yaliyoandikwa kwa Kiswahili cha pwani yanaweza kusomwa Palma leo hii bila mkalimani. Tena chanjo yenyewe imekuwa adimu: Oktoba 2022, kwa uhaba wa dunia nzima, kampeni za dharura zilianza kutoa dozi moja badala ya mbili, na hivyo hakuna nafasi ya kupoteza hata mtu mmoja kwa uvumi.

Skuli ina hadithi yake. UNICEF hupeleka sanduku la bati lenye madaftari, penseli, chaki na vifaa vya mwalimu vya kutosha wanafunzi 40, na kifuniko chake hupakwa rangi nyeusi kikawa ubao. Darasa linaweza kuanza siku hiyo hiyo chini ya turubai. Linalofuata ni gumu zaidi. Wilaya iliyopokea wahamaji inajikuta na madarasa yaliyofurika, na inabidi watoto waingie kwa mikondo. Sisi tuliosoma mkondo wa mchana tunajua Hesabu ya saa tisa inavyoingia kichwani. Mtoto msemaji wa Kimwani anafundishwa kwa Kireno na mwalimu aliyetoka kusini. Choo kinapungua, na kipimo cha kimataifa cha Sphere kinachotaka choo kimoja kwa wasichana 30 kinabaki kwenye karatasi. Msichana anayevunja ungo anaacha kuja. Cheti cha kuzaliwa kimeungua pamoja na nyumba, kwa hiyo jina lake halikubaliki kwenye orodha ya mtihani. Timu ya wanasheria yenye mashine ya kuchapisha vyeti inaweza kurudisha watoto wengi skuli bila kupandisha tofali hata moja.

Na jengo lenyewe lisikaliwe na wanajeshi. Msumbiji ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuliunga mkono Azimio la Skuli Salama lililozinduliwa Oslo Mei 2015, linalozitaka nchi zisiache madarasa yakafanywa kambi. Askari akilala darasani kwa wiki mbili, adui analihesabu kuwa shabaha hata baada ya yeye kuondoka.

Fedha za kuendesha haya yote zilipata pigo 20 Januari 2025, Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu duniani, iliposimamisha misaada yake ya nje. Julai mosi shirika lake la USAID likafungwa. Hata sisi, ambao vita vyetu dhidi ya malaria vimeegemea mfuko huo kwa miaka, tulishtuka. Kituo cha afya kilichojengwa kwa fedha za mradi bila fungu katika bajeti ya serikali ndicho kinachofunga mlango mwanzo.

Mwisho wa kikao cha Wete kina mama walikuwa wameshakusanya magunia manne ya nguo za kupeleka Msumbiji, na kijana mmoja kaleta katoni ya dawa zilizobaki dukani kwake. Dawa nilizikataa pale pale: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada ifike ikiwa bado na mwaka mmoja kabla ya kwisha muda, na zile zilibakiwa na miezi mitatu. Kuhusu nguo tulipiga hesabu ya kuzipeleka: meli hadi Dar es Salaam, basi hadi Mtwara, kivuko, ushuru wa mpakani. Nauli ilizidi thamani ya mzigo. Bibi mmoja akasema basi nauli hiyo ndiyo ipelekwe, kwa Msalaba Mwekundu wa Msumbiji, na magunia yakafunguliwa pale pale ukumbini, kila mtu akatafuta gauni lake.