Je, ukuta wa mpakani unaweza kumzuia ndege?

Mwaka 2021, tuzo kuu ya Mpigapicha Bora wa Ndege ilikwenda kwa Alejandro Prieto wa Mexico. Picha yake inamwonyesha ndege mmoja tu, aitwaye "roadrunner" kwa Kiingereza, yaani mkimbiaji wa barabarani, amesimama chini mbele ya ukuta wa chuma wa mpaka wa Marekani na Mexico, huko Naco, Arizona. Mara ya kwanza sikuielewa. Ndege ana mabawa, ukuta unamhusu nini?

Nilikosea, na nadhani wengi tunakosea papo hapo. Kuwa na mabawa si kuruka juu. Ndege yule ni wa jamii moja na dudumizi wetu, na aliyewahi kumwona dudumizi akipenya vichakani anajua mwendo wake: anatembea, anaruka chini chini, anatua, anatembea tena. Huyu wa Arizona amezidi. Hukimbia hadi kilomita 30 hivi kwa saa akifukuza mijusi na nyoka, mabawa akiyatumia kwa masafa mafupi tu. Ukuta nao, sehemu nyingi, una futi 18 hadi 30, na kati ya nguzo na nguzo kuna inchi 4: kiganja kinapita, bega halipiti.

Urefu si kikwazo pekee. Watafiti waliofuatilia bundi wadogo wa eneo hilo walikuta wanaruka wastani wa mita 1.4 tu kutoka ardhini; chini ya robo ya miruko yao ilizidi mita 4. Tena hukwepa uwanda mtupu. Mfikirie mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: kwa bundi huyu, kila kichaka ni jiwe. Kando ya ukuta vichaka vimefyekwa, magari ya doria yapite. Mawe yameondolewa.

Hata hivyo, picha moja haithibitishi kwamba ndege wa Prieto alishindwa kuvuka; pengine alipata upenyo mbele kidogo. Ushahidi mzito zaidi kwamba wanyama huhitaji kuvuka mpaka huo hutoka kwenye kamera za kutega, zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita. Jagwa (paka mkubwa mwenye madoa wa bara la Amerika) dume aitwaye El Jefe alipigwa picha nazo Arizona kati ya 2011 na 2015, kisha akatoweka. Novemba 2021 kamera ya Sonora, Mexico, ikamnasa. Madoa ya jagwa ni kama alama za vidole, na yake yalilingana doa kwa doa. Huko kusini ndiko waliko majike. Jike wa mwisho aliyerekodiwa Arizona aliuawa mwaka 1963.