Tuni ya wimbo wa kanisa ni nini? Tumwangalie William Henry Monk

Ukifungua kitabu cha nyimbo chenye noti, hasa vile vya Kiingereza, kando ya wimbo utakuta neno lililosimama peke yake, nje ya beti zake: Eventide, Nicaea, Dix. Hilo ni jina la tuni. Tuni ni sauti yenyewe bila maneno, ile ambayo mpiga kinanda akiipiga peke yake kanisa zima linajua kinachofuata. Maneno yana mtunzi wake na tuni ina wake, na mara nyingi wawili hao hawakuwahi kufanya kazi pamoja.

Karibu na jina huwa kuna tarakimu, kwa mfano 10.10.10.10. Hizo ni mizani, kama anavyozihesabu mshairi wetu yeyote: mistari minne, kila mmoja silabi kumi. Tuni ya mizani hiyo inaweza kubeba shairi lolote linalolingana nayo. Huko Uingereza vitabu vingi vya zamani vilichapishwa maneno matupu, tuni ikachaguliwa na kanisa lenyewe. Wimbo uleule ukawa na sauti moja hapa na nyingine kanisa la jirani.

Hapo ndipo anapoingia Monk. Alizaliwa London mwaka 1823. Alikuwa mpiga kinanda wa King's College, London, na kuanzia 1852 akashika pia kinanda cha kanisa la Mtakatifu Mathia, Stoke Newington, ambako alibaki hadi kufa kwake mwaka 1889. Huko aliongoza kwaya ya watu wa kujitolea. Lakini kazi iliyompa jina ni uhariri wa muziki katika kitabu cha Hymns Ancient and Modern cha mwaka 1861, chenye nyimbo 273. Kitabu hicho kiliweka maneno na tuni pamoja, na ndoa nyingi zilizofungwa humo hazijavunjika hadi leo.

Mojawapo ni Eventide. Maneno yake yaliandikwa na mchungaji Henry Francis Lyte wa Brixham, aliyefariki 1847. Lyte aliyatungia tuni yake mwenyewe, ila haikushika. Monk akatunga nyingine kwa ajili ya kitabu. Wapo wanaosimulia kwamba aliiandika kwa dakika kumi tu baada ya kikao cha kamati. Mjane wake alisimulia kwamba ilizaliwa jioni, wakitazama jua likizama, katika kipindi cha majonzi. Mimi naona hizo dakika kumi, kama zilikuwepo, zilitanguliwa na miaka mingi ya kukaa kwenye kinanda Jumapili baada ya Jumapili, akisikia ni wapi waumini huishiwa pumzi.

Sisi tunaijua tuni hiyo kwa “Kaa nami, ni usiku tena”, inayoimbwa sana misibani. Hesabu: ka-a-na-mi-ni-u-si-ku-te-na. Silabi kumi kamili; mfasiri alijua kazi yake. Lakini jaribu kuimba polepole. Baada ya “nami” sauti inaruka juu na kutulia kwa mapigo mawili, na silabi inayopewa heshima hiyo ni “ni”, kineno ambacho katika mazungumzo hatukigusi kwa nguvu. Kisha mwisho wa mstari noti ndefu kuliko zote, ya mapigo manne, inaangukia “-na” ya “tena”, wakati Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, yaani “te-”. Mstari wa Kiingereza ulimalizikia kwenye silabi yenye mkazo, na Monk aliupimia huo. Ndiyo maana tenzi nyingi za kutafsiriwa, hata mizani ikitimia, huvuta maneno kinyume na tunavyosema. Mwalimu wa kwaya aliye makini huwaambia waimbaji wailegeze hiyo “-na” badala ya kuipigia kelele.

Jina la tuni nalo lina vituko vyake. Nicaea, iliyotungwa na John Bacchus Dykes, imeitwa hivyo kwa sababu wimbo wake unahusu Utatu, na mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulishughulikia imani hiyo. Dix ni kisa kingine. Sauti ilitoka kwa Mjerumani Conrad Kocher, Monk akaipunguza na kuinyoosha ili ienee kwenye shairi la William Chatterton Dix, kisha tuni ikapewa jina la mshairi. Inasemekana Dix mwenyewe hakuipenda.