Hereni ya Ng'ombe na Mkono wa Majeruhi

Wafugaji wa Igunga na Nzega wanazijua hereni za kielektroniki. Kisomaji kinasogezwa karibu na sikio la ng'ombe, namba inajitokeza kwenye kioo, mwenye mali anatambulika. Hereni hiyo haina betri. Ina chipu ndogo inayoamshwa na mawimbi ya redio ya kisomaji chenyewe. Teknolojia ya aina hiyo, ikifungwa kwenye mkono wa binadamu siku ya ajali, inaweza kutuondolea jambo linalotuuma sana sisi wa huduma za dharura: kumpoteza majeruhi ambaye tulikuwa tumeshampata.

Tarehe 22 Juni 2022 treni ya abiria iliyotoka Kigoma iliacha njia eneo la Malolo, hapa Tabora. Watu 4 walifariki na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Kwenye ajali kubwa namna hiyo, mara nyingi wa kwanza kufika ni majirani. Huyu anakimbizwa kwa bodaboda, yule anapakiwa gari linalopita, wengine wanasubiri ambulensi. Muda si mrefu hakuna anayejua kwa uhakika nani yuko wapi, na mzazi anahaha wodi hadi wodi akitaja jina la mwanawe.

Wahudumu huwapanga majeruhi kwa rangi. Mwenye nyekundu anawahiwa sasa hivi, wa njano anaweza kusubiri kidogo, wa kijani anatembea mwenyewe, na nyeusi ni ya aliyefariki au asiye na dalili ya kupona. Katika utaratibu uitwao START, ulioanzia California mwaka 1983, kila mtu hupimwa kwa muda usiozidi dakika moja. Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika? Ukiminya kucha, wekundu unachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi? Anashindwa kufuata agizo jepesi? Ndiyo moja tu inatosha kumpa nyekundu.

Lakini hali hubadilika. Wa njano akizidiwa nyuma ya behewa, kadi ya karatasi yenye rangi aliyofungwa mkononi haimwiti mtu.

Tofauti na hereni ya ng'ombe, lebo ya redio yenye betri hutangaza namba yake kila baada ya sekunde chache, na husikika umbali wa makumi ya mita. Vipokezi vitatu vikiwekwa kuzunguka eneo, kompyuta hulinganisha nguvu ya mawimbi yanayofika kwenye kila kimoja na kukadiria mtu alipo, bila kutegemea mtandao wa simu. Daktari anaona nani wa njano hajarudiwa kwa nusu saa, na mtu anatumwa kwake. Kukiwa na kipokezi kwenye lango la Hospitali ya Kitete, saa ya kufika inajiandika.

Chuma cha behewa hukinga mawimbi, na mwili wetu, ambao sehemu kubwa ni maji, huyanyonya. Kwa hiyo aliyebanwa chini ya mabati bado atatafutwa kwa macho, masikio na mikono. Lebo anafungwa akishafikiwa. Namba ichapishwe pia juu yake, betri ikiisha isomeke.

Kwa sasa, ndugu mwananchi, ukimpakia majeruhi, mwachie askari au mhudumu aliyepo taarifa ya hospitali unayompeleka, au piga 112. Ukimkuta ana kadi mkononi, usiivue hata kama imelowa damu, wala usimfunge mwingine.