Bosi, rangi lazima itoke kwanza

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii Kinyerezi, kwa kaka mmoja aliyekwisha nunua mawe yake ya Tanga ya kubandika ukutani na kuyapanga barazani. "Fundi, ukuta uko sawa kabisa, nimeupaka rangi mwaka jana tu. Wewe bandika." Ukuta uko sawa kwa kuangaliwa. Kwa kubeba mawe bado, na nimechoka kulieleza hili mlangoni kwa mtu huku kijana wangu amesimama na ndoo ya maji.

Dhana: Gundi ya siku hizi ni kali, inashika hata juu ya rangi

Inashika, sibishi. Wengine huniambia inashika hata kioo, na hilo nalo sibishi, ila kioo hakina ganda linalobanduka. Swali la kujiuliza ni rangi yenyewe imeshika nini.

Niliwahi kuitwa Mbezi kutazama ukuta wa TV uliobandikwa na fundi mwingine. Safu tatu za juu zilikuwa sakafuni na mwenye nyumba anamlaani muuza gundi. Nikaokota jiwe moja nikaligeuza. Mgongoni gundi imejaa vizuri, hata mistari ya mwiko wa meno inaonekana, na juu ya gundi kuna ngozi ya rangi ya krimu, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikaikwangua kwa ukucha, ikatoka na unga mweupe wa skimu, lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta kabla ya rangi. Ukutani ilibaki lipu ya kijivu, safi kana kwamba haijawahi kuguswa. Gundi haikuachia mahali popote. Iliyoachia ni skimu, ikaondoka na rangi, gundi na jiwe kwa pamoja.

Piga hesabu ya uzito. Jiwe la unene wa sentimita 2 lina kilo 45 hadi 50 kwa mita ya mraba. Ongeza sentimita moja na nusu ya udongo wa saruji (saruji na mchanga) nyuma yake, kama kilo 30 nyingine. Umeshafika kilo 75 na kuendelea. Ukuta wa TV wa mita 3 kwa 2.8 utabeba zaidi ya kilo 600, yaani mifuko 12 ya saruji imening'inizwa kwenye kitu ulichokipaka kwa rola.

Halafu kuna skimu ya jipsam, ambayo mjini hapa imekuwa kama poda usoni, haikosi kwenye nyumba. Jipsam ni laini, na kibaya zaidi haipatani na saruji penye unyevu. Vikikutana hutengeneza chumvi inayovimba taratibu na kusukuma kila kilicho mbele yake. Jiwe linaweza kukaa msimu mzima wa kiangazi bila neno, masika ikaingia, likaanza kulia "ko ko" ukiligonga. Uingereza mafundi wa vigae hawazidishi kilo 20 kwa mita ya mraba juu ya lipu ya jipsam, na kilo 32 juu ya jipsam bodi. Linganisha na zile 75. Kwa hiyo ukiniitia ukuta wa jipsam bodi na mawe ya asili, tutakunywa chai tu na nitaondoka.

Hapo ndipo mteja anapokuja na suluhu ya kati: "Basi donoadonoa na tindo kidogo." Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana mafundi wenzangu wanaikubali. Vitobo vya kila sentimita 20 vinakupa mshiko kwenye vitobo tu. Kati ya kitobo na kitobo rangi bado ipo palepale, na jiwe halijui kuchagua pa kushikilia.

Kama huniamini, mwagia ukuta maji kwa kiganja. Yakitelemka kwa matone kama kwenye jani la mgomba, ukuta haunywi, na ukuta usiokunywa hauwezi kushikana na udongo wa saruji. Kisha kwaruza msalaba kwa kisu, bandika selotepu, uivute kwa nguvu. Itazame ilichobeba.

Ninavyofanya mimi: grinda yenye diski ya kikombe, rangi na skimu vyote chini, mpaka lipu ya kijivu ionekane. Nagonga ukuta wote kwa mpini wa nyundo. Panapolia utupu nabomoa hadi kwenye bloku. Nafagia kwa brashi ngumu, naosha vumbi. Halafu natupia uji mzito wa saruji moja kwa mchanga mnene mbili, kwa mwiko, bila kuusawazisha, ubaki na vipele kama ngozi ya kenge. Nauweka na unyevu siku mbili tatu, ugumu. Kijana mmoja aliniambia natoza pesa za siku mbili kwa kazi ya kuchafua ukuta. Ndiyo, natoza.

Dhana: Lipu nzuri ni iliyolainishwa

Ya kupakwa rangi, sawa. Ya kubandikwa mawe iachwe na mkwaruzo wa mramba, ule ubao mnyoofu wa kusawazishia lipu, au ichorwe mistari ya kulala ikiwa bado mbichi. Ukimwona fundi wa lipu anapiga niru, ule uji wa saruji wa kulainishia, kwenye ukuta wa mawe, mnyang'anye sponji.

Dhana: Lipu imekauka, tuanze kesho

Imekauka juu. Lipu husinyaa inapopoteza maji, na mawe uliyoyawahisha yatapasukia kwenye viungio. Imwagilie siku 7, kisha iache. Mimi huhesabu wiki 4 tangu ipigwe.

Dhana: Mawe yatafunika unyevu

Yatauficha, na utapanda juu zaidi kwa kukosa pa kutokea. Ukuta unaotoa fangasi na chumvi nyeupe chini tafuta kwanza maji yanatoka wapi: bomba, bafu la upande wa pili, au udongo wa nje uliojazwa hadi juu ya msingi. Kwa nje, safu ya kwanza ya mawe isiguse ardhi. Acha sentimita 10 juu ya udongo, au 5 juu ya sakafu ya zege.

Na mchanga wa ufukweni usiuone kuwa umeokoa pesa. Chumvi yake itachanua kama unga juu ya mawe kila mvua ikipita.

Dhana: Weka waya wa kuku, mambo yameisha

Waya uliolala bapa juu ya rangi na kushikwa na misumari minne haubebi chochote. Wavu wa kazi hii ni wa chuma kilichopakwa zinki, umefungwa kwa skrubu na fisha (plagi ya plastiki inayoshika skrubu) hadi ndani ya bloku, na umeinuka kama milimita 6 ili udongo upite nyuma yake na kuukumbatia. Ukiona waya wako haukumbatiwi, umeweka pambo.

Yule wa Kinyerezi amekubali, baada ya selotepu kutoka na kipande cha rangi kikubwa kama kiganja. Grinda inaanza Jumatatu. Nimemwambia atoe makochi, mapazia na TV yenyewe, na siku hiyo watoto wakashinde kwa bibi yao, maana hilo vumbi likipanda hata mimi mwenye barakoa huwa natoka nje kila nusu saa.