Mche umenyauka na mizizi imo majini

Saladi zangu za kwanza, zile za kuotesha kwenye ndoo za maji bila udongo, ziliuawa na huruma. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Tanga, mwezi wa Januari, ule wakati ambao jua la Dar es Salaam linakaa utosini halishuki. Saa saba mchana akapita kibarazani akakuta ndoo zangu nne, majani yamelegea kama kanga iliyoloa. Akafunua mfuniko, akaona maji yamepungua, yako chini ya kikopo cha mche kama vidole vinne hivi. Akachota kwenye simtanki akajaza mpaka juu. Jioni nilipomwamkia akaniambia, “Miche yako ilikuwa na kiu baba, nimeinywesha.” Nikamshukuru. Ningesema nini? Siku ya tatu mizizi iliyokuwa myeupe kama tambi ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, ina utelezi kama bamia, na ndoo inanuka mtaro.

Dalili aliisoma vizuri, maana miche ilinyauka kweli. Sababu ndiyo iliyomponyoka, na inawaponyoka karibu wateja wangu wote wa kilimo hiki cha bila udongo, ambao wana pampu na mabomba na wamesoma sana kuliko mama. Mche ule haukukosa maji. Ulikosa pumzi.

Mzizi unapumua. Unachukua oksijeni, unachoma sukari iliyotengenezwa na majani, na nguvu inayopatikana ndiyo inayovuta virutubisho kuingia ndani. Oksijeni ikipungua, vijia vya maji kwenye seli za mzizi vinajifunga, na jani linanyauka huku mzizi umezama. Kwenye udongo mzuri hili si tatizo kwa sababu kati ya chembe na chembe kuna hewa. Sisi tumeuondoa udongo, kwa hiyo kazi ya zile nafasi inabidi tuifanye wenyewe.

Na maji ni ghala bovu la oksijeni. Lita moja ya hewa ina oksijeni zaidi ya miligramu 250. Lita moja ya maji yaliyoshiba kabisa, kwa nyuzi joto 20, ina kama miligramu 9.1. Yakifika nyuzi 25 yanabeba 8.3, yakifika 30 yanabeba takriban 7.5. Upande wa pili mzizi nao, kadiri joto linavyopanda, unapumua kwa kasi zaidi. Nyuzi kumi zikiongezeka matumizi yanakaribia kuwa mara mbili. Yaani mchana wa Januari chakula sahanini kinapungua na walaji wanaongezeka. Halafu anakuja Pythium, yule kimelea kama ukungu anayeozesha mizizi, ambaye kwenye maji ya moto yasiyo na hewa yuko nyumbani kwake.

(Wasomaji wangu wa Nairobi msicheke. Huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji yenu ya nyuzi 20 yanashiba kwenye 7.4 hivi, karibu sawa na yetu ya nyuzi 30. Kinachowaokoa ni kwamba mizizi yenu iko kwenye baridi, haina haraka.)

Hizo namba 9.1 na 7.5 ni dari. Pampu ya hewa haiongezi oksijeni juu ya dari. Inachofanya ni kuyarudisha maji darini kila mizizi inapoyashusha. Ndiyo maana mtu anayeniuliza “ninunue pampu kubwa kiasi gani?” kwanza namuuliza maji yake yana joto gani, na mara nyingi hajawahi kupima. Kipimajoto cha bafu la mtoto kinatosha kabisa.

Mwaka juzi niliitwa kwa mteja mmoja Kimara. Alikuwa na tangi la lita 60 linalolisha mabomba sita ya PVC, mizizi inaoza, na kila ilipooza alinunua pampu kubwa zaidi ya kuzamisha majini. Ile niliyoikuta ilikuwa ya wati 60. Nikatia kipimajoto saa nne asubuhi: nyuzi 33, na jua lilikuwa bado halijafika upande ule wa nyumba. Piga hesabu. Wati 60 zikifanya kazi saa nzima, karibu zote zinaishia kuwa joto ndani ya maji, na kwa lita 60 hilo linatosha kuyapandisha karibu nyuzi moja kila saa yasipopata pa kupoozea. Alikuwa ameweka birika tangini. Tulimpa pampu ya wati 15, tukalifukia tangi nusu yake ardhini chini ya mwembe, tukalipaka rangi nyeupe. Maji yalishuka mpaka 28.

Hapo utaona mimi napigania joto kabla ya mapovu. Ndoo nyeusi juani ni sufuria. Ila ndoo nyeupe peke yake nayo inapitisha mwanga, na mwanga ukikutana na virutubisho unapata ukijani wa mwani, ambao mchana unatoa oksijeni na usiku unaila. Kwa hiyo paka nyeusi kwanza, nyeupe juu yake. Wanaopenda kutia chupa za barafu, sawa, inasaidia: chupa ya lita moja iliyoganda ikiyeyuka ndani ya ndoo ya lita 20 inashusha nyuzi nne mpaka tano. Lakini kama ndoo bado iko juani, saa tisa mtarudi mlipokuwa, na friji yako itakuwa imefanya kazi ya bure. Kivuli hakina bili.

Sasa mapovu. Kuna imani kwamba povu kubwa linalobubujika kama chungu cha maharage ndilo lenye oksijeni nyingi. Ni kinyume. Povu la milimita 4 ukilipasua kuwa vipovu vya milimita 1 unapata 64, hewa ni ileile, lakini ngozi inayogusana na maji inakuwa mara nne. Tena vidogo vinapanda polepole, vinakaa na maji muda mrefu zaidi. Jiwe la hewa lenye vitundu vidogo ndilo la kununua, yale wanayouza kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Ubaya wake ni kwamba chumvi za virutubisho zinaliziba. Mimi nayaloweka kwenye siki usiku kucha kila ninapobadilisha maji, nasuuza, nayapuliza kwa mdomo. Ukipuliza ukasikia mashavu yanauma, bado halijafunguka.

Jiwe likae chini kabisa, katikati, chini ya mizizi. Sehemu nzuri ya oksijeni haitoki hata kwenye povu lenyewe. Inatoka juu, pale maji yaliyonyanyuliwa na mapovu yanapofika usoni, yanagusa hewa na kuzama tena. Ukiona uso wa maji umetulia kama kioo, pampu yako inaimba tu. Na usishangae pH, kipimo cha uchachu wa maji, ikipanda kidogo siku ya kwanza baada ya kuwasha: mapovu yanafukuza kaboni dayoksaidi iliyokuwa majini. Iache itulie ndipo upime.

Kwenye mfumo wa mabomba unaweza hata kuacha jiwe la hewa nyumbani. Maji yanayopita kama utando mwembamba chini ya bomba, mizizi nusu ndani nusu hewani, yanajipatia oksijeni njiani, na yanapata zaidi yanaporudi tangini kama utayaacha yaanguke. Watu wengi wanazamisha bomba la kurudishia ndani ya maji kwa sababu hawapendi kelele. Linyanyue sentimita 15 au 20, yaanguke, yarushe matone, yapige kelele. Hiyo kelele ndiyo hewa unayoitafuta. Mteremko uwe sentimita moja kwa kila 30 au 40 za urefu, na upime kwa pima maji ya fundi, usikisie kwa macho. Bomba likibonyea katikati unapata dimbwi, na mche ulio dimbwini ndio utakaooza kwanza. Kasi ya maji lita moja mpaka mbili kwa dakika kwa kila bomba inatosha.

Kuzungusha nako si sawa na kutia hewa. Unaweza kuwa na mapovu mengi upande mmoja wa beseni na upande wa pili maji yamelala, mizizi imekula virutubisho vilivyo jirani nayo na hakuna kinacholetwa. Mimi nakagua kwa rangi ya chakula, ile ya biriani. Kabla ya kupanda chochote, jaza mfumo maji matupu, washa pampu, tia rangi kidogo pale maji yanapoingilia, kisha simama uangalie. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwenye ndoo zangu nne zilizounganishwa, ndoo ya kwanza na ya pili zilikuwa rangi ya chungwa ndani ya dakika mbili, ya nne ilichukua kumi, na ya tatu, ambayo bomba lake liliingia na kutoka upande uleule, baada ya robo saa ilikuwa na mstari tu wa rangi unaopita pembeni. Maji yote ya kona ya pili hayakujua kama kuna safari. Nilihamisha tundu la kutokea likaenda upande wa pili, mambo yakaisha. Ndiyo ndoo ambayo nilikuwa nalaumu mbegu zake.

Oksijeni ya chupa, yaani haidrojeni peroksaidi, ambayo kila kundi la simu lina mtu anayeisifia: inaoshea vyombo vizuri. Ila inaiunguza mizizi myembamba, na baada ya muda mfupi dawa yenyewe imekwisha.

Halafu umeme. Ukikatika, mfumo wa mabomba ndio unaoumia mapema, kwa sababu hakuna maji ya akiba kwenye mizizi. Mchana wa jua mche mkubwa unaweza kuanza kulegea kabla saa moja haijaisha. Ndoo inavumilia zaidi. Pampu ndogo ya hewa inayotumia waya wa kuchajia simu, ikiunganishwa na pawa benki, inakuvusha usiku mzima, na bei yake haifiki ya kuotesha upya. Pampu ya hewa iwekwe juu kuliko maji, au mpira wake uwe na valvu ya kuzuia kurudi. Ikikaa sakafuni, umeme ukikatika maji yanapanda mpirani yenyewe, yanashuka mpaka ndani ya pampu, na umeme ukirudi unasikia harufu. Nimeunguza mbili kwa namna hiyo kabla sijapigilia msumari ukutani.

Kinga kubwa kuliko zote ni ile nafasi ambayo mama aliijaza. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alionyesha kwamba saladi inaweza kukua mpaka kuvunwa bila pampu yoyote, almradi maji yanaachwa yapungue. Yanapopungua, mizizi ya juu inabaki kwenye hewa yenye unyevu, inaota vinyweleo na kuwa mizizi ya kupumulia, ile ya chini inaendelea kunywa. Mizizi hiyo ikishazoea hewa, ukiifunika kwa maji unaizamisha. Ndiyo hasa kilichotokea kibarazani. Hata kwenye ndoo zenye pampu siku hizi naacha vidole vinne, na nikiongeza maji siku hizo za jua kali naongeza kidogo, jioni, sivuki pale mizizi myeupe yenye manyoya inapoanzia.

Kila ndoo ina mstari mwekundu ndani, nimeuchora kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Mama alipokuja tena akafunua mfuniko, akauona, akaniuliza ni wa nini. Nikamwambia, “Hapo ndipo pua zao zilipo, mama.” Akafunika taratibu, akanong’ona pole.