Msamaha kwa Wahindu na kwa Wakristo: unafuta nini hasa?

Kila tukikaribisha maswali baada ya mihadhara yetu ya dini linganishi hapa Mjini Unguja, swali moja halikosi: Mhindu akikosa, anamwomba nani msamaha? Mara nyingi muulizaji huwa keshajijibu mwenyewe, kwamba Wahindu hawana msamaha, wao wana karma tu, ukitenda nawe utatendwa. Jibu hilo si sahihi. Linawadhulumu majirani zetu wanaosali katika hekalu la Hurumzi, na linatunyima sisi nafasi ya kuwaelewa.

Kabla ya kwenda mbali, tukumbuke kuwa si kila mwenye asili ya India visiwani ni mfuasi wa Uhindu. Mabohora, Maithnaasheri na Maismailia ni Waislamu, na Wagoa ni Wakatoliki tangu zama za Wareno. Hapa tunawazungumzia Wahindu wa dini. Nao hawana mwanzilishi mmoja wala kitabu kimoja, kwa hivyo utakalolisikia kwa mmoja huenda mwenzake akalieleza vingine.

Kwa Mkristo, dhambi ni kuvunja uhusiano na Mungu. Daudi alimchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Hata hivyo, katika Zaburi ya 51 anamwambia Mungu kwamba amemkosea Yeye peke yake. Kosa alitendewa mtu, lakini aliyeasiwa ni Mungu, na deni hilo binadamu hana cha kulilipia. Yesu alilieleza kwa mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, fedha ambazo asingezipata maisha yake yote, kisha akatoka nje na kumkaba koo mwenzake aliyekuwa na deni lake la dinari 100. Mkristo anaamini kwamba deni lile kubwa lilibebwa na Kristo msalabani. Yeye anatubu na kupokea. Mkatoliki anaungama dhambi zake kwa padri, Mwanglikana aghalabu anaungama pamoja na waumini wenzake ibadani.

Lakini msamaha huo haufuti kila kitu, na hili wengi hulisahau wanapoulinganisha na karma. Nabii Nathani alimwambia Daudi kuwa dhambi yake imeondolewa, lakini alikuwa ameshamwambia kuwa upanga hautaondoka nyumbani kwake. Daudi alisamehewa, na machungu ya alichokitenda akayaishi.

Mhindu anaanzia kwingine. Ulimwengu una utaratibu wake wa haki, dharma, na tendo linalouvunja huzaa matunda yatakayomrudia mtendaji, katika maisha haya au katika uzao mwingine. Hana dhambi ya asili ya kurithi kutoka kwa Adamu. Walimu wa kale waliyagawa matendo kwa mfano wa mpiga upinde. Mshale uliokwisha kutoka hauzuiliki, nayo ni matokeo ambayo tayari tunayaishi. Mshale ulio mkononi na ile iliyomo podoni bado ina nafasi ya kubadilishiwa hatima. Karma, basi, haimfungi mtu mikono. Inamtaka afanye jambo sasa.

Jambo lenyewe huitwa prayashchitta, ambalo msomaji wa Kiswahili ataliita kafara bila ya kukosea sana. Sura ya 11 ya Manusmriti, mojawapo ya vitabu vya kale vya sheria za Kihindu, inataja njia za kujisafisha: kulikiri kosa hadharani, kulijutia, kujinyima, kusoma maandiko na kutoa sadaka. Aliyeiba hafungi tu akamaliza. Anatakiwa kwanza kukirudisha alichokichukua. Mwislamu atakumbuka sharti la toba la kurejesha haki za watu, na Mkristo atamkumbuka Zakayo aliyeahidi kurudisha mara nne. Haki inatutaka tuseme pia kuwa mizani ya kitabu hicho haikuwa sawa: kafara ya kumuua Brahmini, mtu wa tabaka la juu la makuhani, ilikuwa nzito kuliko ya kumuua Shudra, mtu wa tabaka la chini, na Wahindu wengi wa leo hawaikubali hesabu hiyo.

Vipi kuhusu rehema ya Mungu? Ipo, na ina nguvu. Karibu na mwisho wa Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 18, aya ya 66, Krishna, Mungu katika umbo la binadamu, anamwambia shujaa Arjuna akimbilie kwake yeye peke yake, naye atamwokoa na dhambi zote, asihuzunike. Wahindu wengi humaliza ibada kwa dua ya kusema kwamba mja hajui kumwita Mungu, hajui kumuaga, hajui hata kumwabudu, kwa hivyo asamehewe. Bhagavata Purana, kitabu kingine kitakatifu, ina kisa cha Ajamila, Brahmini aliyemwacha mkewe na kuishi kwa wizi na udanganyifu. Kitandani, roho ikimtoka, alimwita mwanawe mdogo, Narayana, ambalo pia ni jina la Vishnu, Mungu anayeabudiwa na Wahindu wengi. Wajumbe wa mauti waliokuja na kamba wakazuiwa. Kisa hakiishii hapo. Ajamila anapata tena uhai, anajutia aliyoyafanya na kuushika ucha Mungu. Mkristo akikisikia atamfikiria yule mhalifu aliyesulubiwa pembeni ya Yesu.

Panapotengana kweli ni kwenye wakati na mlipaji. Mkristo anakufa mara moja, kisha hukumu, kwa hivyo toba yake ina haraka. Mhindu ana maisha mengi mbele yake, na hata jehanamu yake, naraka, si ya milele. Na hakuna katika Uhindu sadaka moja iliyotolewa mara moja kwa ajili ya watu wote.

Hapa Zanzibar suala hili si la vitabuni tu. Kanisa la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ambao soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa. Wafanyabiashara wa Kihindi walikopesha mitaji ya misafara iliyokwenda bara, na wapo waliomiliki watumwa, hata konseli wa Kiingereza Rigby akawaacha huru maelfu wa watumwa hao mwanzoni mwa miaka ya 1860. Wakristo wa Ulaya nao walikuwa wamefanya biashara hiyo kwa karne kadhaa. Hakuna mafundisho, ya upande huu wala ule, yanayomruhusu aliyekosa kujisamehe mwenyewe kwa niaba ya aliyedhulumiwa.

Ama msamaha baina ya watu, hapo Uhindu una hazina ambayo ningependa ijulikane zaidi. Katika utenzi wa kale wa Ramayana, Ravana aliyemteka Sita, mke wa Rama, anapouawa, Hanuman, mjumbe wa Rama, anamwomba Sita ruhusa ya kuwaua wanawake waliomlinda na kumtesa kifungoni. Sita anakataa. Anasema walikuwa wakitii amri ya bwana wao, na kwamba hakuna asiyekosea.

Mahabharata, utenzi mwingine wa kale, haikubali kirahisi hivyo. Draupadi, aliyedhalilishwa mbele ya baraza na sasa yuko uhamishoni msituni, anamkabili mumewe Yudhishthira: hasira yako iko wapi? Anamsomea mafundisho ya kale yasemayo kuwa msamaha wa kila siku ni mbaya, na ukali wa kila siku ni mbaya. Asamehewe aliyewahi kukutendea wema, asamehewe aliyekosa kwa kutojua, asamehewe wa mara ya kwanza. Aliyekusudia kisha akakana, asisamehewe. Yudhishthira anamjibu kuwa msamaha ndio dharma yenyewe na ndio unaoushikilia ulimwengu. Draupadi haridhiki.

Petro naye aliuliza mpaka, kama mara saba zinatosha, akajibiwa saba mara sabini. Kwa Mkristo amri imeshatoka, na kinachobaki ni kuitii hata inapouma. Mhindu anayeisoma Mahabharata anaachiwa hoja za Draupadi na za Yudhishthira pamoja, apime mwenyewe ni nani aliye mbele yake, kosa lake ni la namna gani, na kama amelikiri.