Je, wajua kwa nini spirulina ilizikinga figo za panya dhidi ya sumu?

Chota kijiko cha unga wa spirulina, ule wa kijani unaouzwa kwenye vikopo Kariakoo, utie kwenye glasi ya maji ya baridi, uuache ulale. Asubuhi utakuta maji yamegeuka buluu. Buluu hiyo inaitwa faikosianini, na ndiyo inayowashughulisha watafiti wa figo.

Spirulina tunaiita mwani, ingawa wanabayolojia huihesabu kuwa bakteria. Ndugu yake huota kwenye maziwa ya magadi kaskazini mwa nchi yetu, na flamingo wa Ziwa Natron humtegemea kwa chakula.

Sasa figo. Kwa siku huchuja takriban lita 180 za majimaji, na karibu yote huyarudisha kwenye damu. Tunakojoa lita moja au mbili tu. Kazi ya kurudisha hufanywa na mirija myembamba mno, na balaa huanzia hapo, kwa sababu seli zake zinapovuta maji na chumvi huvuta na sumu. Dawa ya sindano ya gentamaisini, sisplatini wanayopewa wagonjwa wa saratani, madini mazito kama risasi na kadimiamu: vyote hurundikana humo. Seli ikilemewa hutoa oksijeni iliyochachamaa, nayo huutafuna utando wa seli hiyohiyo hadi ife.

Faikosianini huizima oksijeni hiyo. Panya waliopewa gentamaisini au sisplatini pamoja na spirulina, kreatinini yao (taka ya kwenye damu ambayo hupanda figo zikidhoofika) haikupanda sana kama ya wenzao waliopewa sumu peke yake. Hata chini ya hadubini, mirija yao ilikuwa na nafuu.

Lakini tazama walilishwa lini: mara nyingi kabla ya sumu, au siku ileile. Hiyo ni kinga. Huku kwetu Dar watu huikimbilia baada ya daktari kusema figo zimeshindwa. Nimeulizwa zaidi ya mara moja, "Mama kreatinini imepanda, nimpe vidonge vingapi?" Swali hilo huniuma, kwa sababu kichujio cha figo kikishakuwa kovu hakioti upya. Tena zaidi ya nusu ya unga huo ni protini, na mgonjwa wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu kwa mashine mara nyingi huambiwa aipunguze. Majaribio kwa binadamu bado ni machache, na figo nyingi huharibiwa na presha na kisukari, wala si sumu ya maabara. Usimpe kabla hujamwonyesha daktari wake hicho kikopo.

Kuna jambo jingine. Spirulina hunyonya madini mazito kutoka kwenye maji inamoota. Bwawa likiwa chafu, unga unakuja na risasi ileile tunayoikimbia. Kwa hiyo mimi ule wa kupimiwa kwenye mfuko usio na lebo siununui, hata ukiwa nusu bei.